Oili ya Sintetiki katika Magari na Injini Ndogo Jijini Kampala: Ufafanuzi wa Dhana na Matumizi

Katika maduka ya vipuri ya Kisekka, jijini Kampala, makopo ya oili ya injini hupangwa bega kwa bega, na yale ya sintetiki huuzwa ghali zaidi. Kwa mwendesha bodaboda, tofauti hiyo ya bei hukatwa katika pato la siku. Makala haya yanafafanua kinachonunuliwa kwa fedha hizo na injini zinazofaidika nacho.

Oili yoyote ya injini ni mchanganyiko wa mafuta ya msingi na viongezi. Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) huyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Makundi I na II husafishwa kutokana na mafuta ghafi, nayo molekuli zake ni za maumbo mchanganyiko. Kundi IV huundwa kiwandani kwa molekuli zinazofanana, na kundi V hukusanya yaliyosalia, zikiwamo esta. Utata umo katika kundi III, ambalo asili yake ni mafuta ghafi yaliyogeuzwa kwa haidrojeni. Mwaka 1999, kufuatia malalamiko ya Mobil dhidi ya Castrol, chombo cha usuluhishi wa matangazo nchini Marekani kilikubali kundi hilo nalo liitwe sintetiki. Tangu hapo neno hili ni la soko kuliko la kemia.

Oili ya sintetiki husifiwa kwa mambo mawili: hutiririka upesi kwenye baridi na huchelewa kuharibiwa na joto. La kwanza lina uzito mdogo Kampala. Herufi W katika 20W-50 huashiria majira ya baridi, wala si uzito kama wengi wanavyodhani. Oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, ilhali usiku wa Kampala ni nadra kushuka hata kufikia nyuzi 15 juu yake.

La pili ni kweli, hasa kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Hata hivyo, injini ndogo huishi kwa sharti jingine. Honda GX160, ambayo pamoja na nakala zake huendesha jenereta na pampu za maji, hubeba oili isiyozidi lita 0.6 na haina chujio la oili. Masizi, vumbi lililopenya na chembe za chuma hubaki humohumo, zikirushwa upya juu ya silinda kila fimbo inapozunguka. Mtengenezaji ameagiza oili ibadilishwe kila baada ya saa 100 au miezi 6, na usintetiki hauzirefushi saa hizo. Mwenye jenereta anayenunua oili ghali ili aiache humo mwaka mzima amejipunja mara mbili.

Pikipiki zina tatizo lake. Klachi ya nyingi kati yake huogelea katika oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye viongezi vya kupunguza msuguano huweza kuitelezesha: injini inanguruma, lakini kilima cha Namirembe hakipandiki. Kwa ajili hiyo Wajapani walitoa mwaka 1998 kiwango cha JASO, ambacho alama yake ya MA huthibitisha kuwa oili inafaa klachi ya aina hiyo, iwe ya sintetiki au isiwe.

Kwa magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, hesabu hugeuka. Injini iliyosanifiwa kwa 0W-20 ina njia nyembamba za oili, na wepesi huo hupatikana kwa mafuta ya msingi ya daraja la juu. Fundi anayeiona “nyepesi kama maji” na kuweka 20W-50 huichelewesha kufika juu ya injini kila asubuhi. Aidha, hofu kwamba sintetiki na oili ya kawaida zikichanganywa zitaganda haina msingi. Oili za injini zenye kiwango cha API hutakiwa kuchanganyika. Dereva aliyepungukiwa njiani aongeze iliyopo, mradi mnato wake ulingane na ule ulioandikwa katika kitabu cha gari.