Kiwambo cha kioo bafuni huzibwa nje, si ndani

MAJI yanayovuja kutoka bafuni ni miongoni mwa mambo yanayozua ugomvi kati ya majirani wa nyumba za ghorofa: wa juu huoga, dari ya wa chini ikaharibika. Lawama huelekezwa kwenye mabomba, wakati huenda kasoro iko kwenye silikoni iliyopakwa kuzunguka kiwambo cha kioo cha bomba la mvua.

Wengi huamini kuwa silikoni ikipakwa pande zote mbili, maji hayatapita. Kwa viwambo vingi vyenye fremu ya alumini, imani hiyo si sahihi. Mtu anapooga, maji kidogo hupenya kwenye maungio ya fremu. Upande wa ndani ukiachwa wazi, maji hayo hurudi kwenye beseni la kuogea na kutoka kwa njia ya kawaida. Ukizibwa, hunaswa ndani ya fremu, hujaa taratibu, kisha hutafuta upenyo wa kutokea sakafuni. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji wengi huagiza fremu izibwe kwa nje pekee.

Kabla ya kiwambo kufungwa, sharti ufa kati ya beseni na ukuta uzibwe na kukauka. Kama ni hodhi, hujazwa maji kwanza ili lishuke kwa uzito wake. Likizibwa tupu, silikoni huweza kuchanika siku ya kwanza mtu anapoingia kuoga.

Aidha, silikoni ya zamani hukwanguliwa yote, kwa kuwa mpya haishiki vema juu yake. Sehemu hiyo hufutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Inayofaa ni silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia kuvu.

Hata hivyo, kazi nzuri huharibiwa na haraka. Silikoni hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, ikianzia juu kuelekea ndani. Inapoguswa huonekana imekauka ingali mbichi ndani, hivyo kwa kawaida bafu huachwa bila kutumiwa kwa saa 24.

Kwa mwenye nyumba, subira ya siku moja ni nafuu kuliko kutengeneza dari ya jirani.