Jembe kwa Mkulima, Kauli kwa Nani?

Lutindi imo katika Wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara. Wengi huijua kwa hospitali yake ya magonjwa ya akili, ambayo ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikageuzwa kuwa hospitali mwaka 1904. Lakini mgeni apandaye mlima huo hukutana kwanza na mashamba madogo ya mahindi, maharage, migomba na chai, yaliyoshikilia miteremko mikali. Chini hutandaa nyika ya Korogwe, na mbele zaidi Handeni.

Katika nchi ya namna hii mvua ni neema na pia ni hatari. Maji yanayoteremka kwa kasi huchukua udongo wa juu, na udongo huo ndio wenye rutuba. Kwa hiyo tangu siku za ukoloni milima ya Usambara imepelekewa miradi mingi ya kuhifadhi ardhi na kukuza kilimo. Baadhi ilifaulu, mingine ilishindwa vibaya. Je, tofauti ilitokana na nini? Jibu halimo katika sayansi ya udongo peke yake. Limo pia katika swali hili: nani aliamua, na nani alifanya kazi?

Fundisho la Mlalo

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kurekebisha ardhi katika bonde la Mlalo, Wilaya ya Lushoto. Baadaye mradi ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta yaliyokingamana, yenye vishimo katikati vya kuzuia maji. Aliyekaidi alishtakiwa mbele ya baraza na kutozwa faini. Amri zilipitia kwa watawala wa jadi, ambao sasa walitumikia mabwana wawili: watu wao na serikali.

Kwa fizikia, wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Tuta likatalo mteremko hupunguza kasi ya maji, na maji ya polepole hayana nguvu ya kubeba udongo mwingi. Lakini mteremko ukiwa mkali na mvua ikiwa kubwa, vishimo hufurika, tuta moja hubomoka na kuangusha lililo chini yake. Isitoshe, Wasambaa walikuwa na njia yao. Walichanganya mazao shambani, majani ya migomba na ya mimea mingine yakafunika ardhi na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Tena walilima vipande vilivyotawanyika, vingine mlimani na vingine nyikani, ili mvua ikikosekana huku, chakula kipatikane kule. Mpango wa ofisini haukuyapa mambo hayo uzito yaliostahili.

Mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilima sehemu kubwa ya chakula. Hata hivyo wao ndio hawakuulizwa. Pamoja na uchovu ilikuwapo hofu: watu walishuku kwamba ardhi ikisha kutengenezwa ingetwaliwa na walowezi. Hofu hiyo haikuwa ya ajabu, kwa maana Usambara ilikuwa imekwisha kuona mashamba ya wageni tangu enzi ya Wajerumani. Chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954, chuki dhidi ya matuta ilikuwa kuni kavu zinazongoja moto. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, mradi ulikuwa umeachwa.

Mmea unaokubaliwa

Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wilayani Lushoto, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti pamoja na mazao. Mistari ya nyasi na miti ilipandwa kukata miteremko, na wakulima wakahimizwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Nyasi za Guatemala zilipendwa kwa sababu iliyo wazi: mizizi yake hushika udongo, na majani yake hulisha ng'ombe. Mkulima aliona faida kwa macho yake mwenyewe.

Hata hapa nguvu hazikuwa sawa. Mwenye ng'ombe alifaidi nyasi kuliko asiye naye. Mwenye shamba lake alipanda miti bila woga. Lakini aliyeazima shamba hakuweza, kwani kwa desturi kupanda mti ni dalili ya kudai umiliki. Basi mti uleule ulikuwa akiba kwa mmoja na ugomvi kwa mwingine.

Jani lisilongoja

Tuchukue mfano wa tatu, chai. Jani bichi likisha kuchumwa huendelea kupumua, hupata joto, na likikaa mno katika kikapu huanza kuharibika. Yapasa lifike kiwandani siku ileile. Mkulima wa mahindi aweza kuweka ghalani akingoja bei nzuri. Mkulima wa chai hawezi. Kwa hiyo mwenye kiwanda, mwenye mizani na mwenye lori ndio wenye kauli, hata kama shamba si lao. Hii ni nguvu inayozaliwa na kemia ya jani.

Matokeo yake yalionekana Mponde, wilayani Lushoto. Mwaka 2013 kiwanda cha chai kilifungwa kutokana na mgogoro kati ya wakulima wadogo na waliokiendesha, na mwaka 2016 serikali ikakitwaa tena. Katika miaka ya kufungwa mashamba mengi yalitelekezwa, na mchai usiopogolewa hurefuka ukawa mti.

Nini kifanyike?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu ana vipimo, na vipimo ni vya lazima. Mkulima ana maarifa ya kila msimu wa vuli na masika. Mradi mzuri huvikutanisha viwili hivyo kabla ya bajeti kupitishwa, wala si baadaye. Sheria nayo imefungua mlango: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na humpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuwa na ardhi. Lakini haki iliyoandikwa yahitaji watu wanaohudhuria mkutano na kuuliza.

Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye mradi wowote ulio karibu na shule. Wapime mteremko, wachunguze udongo, kisha waulize mambo manne. Nani aliuchagua mradi huu? Nani anatoa jasho? Nani anashika daftari la mapato? Ukishindwa, nani atabaki na hasara? Wakipata majibu, watakuwa wamejifunza kwamba tuta la udongo husimama imara pale mwenye jembe alipokuwa na kauli juu ya mahali pa kulichimba.