Je, Wajua? Shule za Lugha ya Nyumbani, Kutoka Kiomboi hadi Kathmandu

Mtoto wa mhamiaji huidaka lugha ya mtaani haraka sana, bila hata kufundishwa. Lugha ya bibi yake ndiyo inayohitaji mwalimu, ubao na Jumamosi. Haya hapa maajabu ya madarasa ya namna hiyo, na ya kwanza yapo Singida kwenyewe.

Kiomboi palikuwa na shule ya watoto wa Kimarekani

Ndiyo, Kiomboi hii hii ya Iramba! Katikati ya karne ya 20, wamisionari wa Kilutheri wa Kanisa la Augustana la Marekani waliendesha hapo shule ya bweni ya watoto wao, iliyoitwa Augustana School. Wazazi walitawanyika kwenye vituo vya misheni, watoto wakakusanywa Kiomboi kusoma kwa Kiingereza. Ukitoka nje ya ua wa shule, unakutana na Kinyiramba na Kiswahili.

Kanisa lililowatuma lilianzishwa na wahamiaji

Augustana ilianzishwa mwaka 1860 na wahamiaji huko Marekani, wengi wao Waswidi. Wakati wa likizo za kiangazi, sharika zao ziliwakusanya watoto kuwafundisha kusoma Kiswidi pamoja na katekisimu, ili lugha ya wazazi isiwapotee. Kiingereza kiliwashinda hata hivyo. Kwa hiyo kanisa lililowahi kuhangaika kukilinda Kiswidi kule Marekani ndilo lililokuja Iramba na kukilinda Kiingereza!

Nepal ni Singida tatu, na ina lugha 124

Mkoa wa Singida una kilometa za mraba 49,000 na ushee; Nepal, nchi ya Kathmandu, ina kama 147,000. Ndani ya eneo hilo, sensa ya Nepal ya mwaka 2021 ilihesabu lugha za mama 124. Ndiyo maana mtoto wa Kinepali aliye ughaibuni anaweza kuwa anajifunza Kinepali darasani, ilhali bibi yake anaongea Kitamang au Kinewari. Mnyaturu aliyekutana na Kiswahili darasa la kwanza anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Alfabeti yao inaanzia kooni na kuishia midomoni

Kinepali huandikwa kwa herufi za Devanagari, ambazo huning'inia chini ya mstari mmoja kama nguo kwenye kamba. Chati ya watoto ina konsonanti 36. Mwalimu anataja "ka, kha, ga, gha, nga" na darasa zima linaitikia. Jaribu mwenyewe: sema ka, cha, ta, pa polepole. Utahisi sauti ikitoka nyuma kabisa ya kinywa, ikapita kwenye kaakaa na meno, ikafika midomoni. Safu kuu za herufi zao zimepangwa kwa mwendo huo huo, mpango uliorithiwa kutoka kwa wanasarufi wa kale wa India.

Darasani mwaka umetangulia kwa zaidi ya nusu karne

Kalenda rasmi ya Nepal, Bikram Sambat, iko mbele ya hii yetu kwa takriban miaka 57, na mwaka mpya huingia katikati ya Aprili. Aprili 2024, Wanepali waliingia mwaka 2081. Mtoto aliyezaliwa Mei 2015, akiandika tarehe yake ya kuzaliwa kwa kalenda ya nyumbani, ataandika 2072. Hesabu ya kwanza ya mtoto wa ughaibuni, basi, ni kujua amezaliwa lini!

Wanajeshi wa Kigurkha waliwahi kupigana Tanga

Novemba 1914, Waingereza waliishambulia Tanga katika vita vinavyokumbukwa hadi leo kwa nyuki waliowavamia askari. Katika kikosi cha Kashmir Rifles, upande wa Waingereza, walikuwamo Wagurkha, watu wenye asili ya Nepal. Ilipita karibu karne nzima ndipo Uingereza, mwaka 2009, ikawaruhusu Wagurkha wastaafu wote waliotumikia jeshi lake miaka minne au zaidi kuhamia huko. Familia nyingi zimejikusanya katika miji kama Aldershot na Reading, na swali la wajukuu watasomea wapi Kinepali likahamia nazo.

Kuna nchi iliyokitoa Kinepali shuleni, nacho kikavuka bahari

Mwaka 1989 Bhutan ilikiondoa Kinepali kwenye mtaala wake. Miaka michache baadaye raia wake zaidi ya 100,000 wanaosema lugha hiyo walikuwa wakimbizi katika kambi za mashariki mwa Nepal. Kuanzia mwaka 2007 walianza kupelekwa nchi nane za mbali, wengi wao Marekani. Katika miji kama Columbus na Pittsburgh, wazazi wanaofanya kazi wiki nzima wakapaswa kutafuta chumba cha kuazima, mtu mzima wa kujitolea na saa mbili za mwisho wa wiki. Kilichofutwa kwa amri ya serikali kinarudishwa kwa chaki.

Kondoa watoto walisoma Kipolandi

Hapo jirani tu na Singida, Kondoa palikuwa na kambi ya Wapolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu hawa walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan, wakapitia Irani, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa zaidi, Tengeru karibu na Arusha, ilipokea watu kama 5,000, sawa na shule kumi za bweni zenye wanafunzi 500 kila moja. Ilikuwa na chekechea, shule za msingi, sekondari na ufundi, zote kwa Kipolandi, chini ya Mlima Meru. Wengi wao hawakurudi Polandi tena, lakini watoto waliondoka wakijua kusoma na kuandika lugha yao.

Kigoma kuna watoto wanaosoma mtaala wa Kongo

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Shule za watoto wao zimefuata mtaala wa Kongo, na lugha ya kufundishia ni Kifaransa. Mtoto anaweza kuwa amezaliwa Tanzania, anacheza mpira kwa Kiswahili, na mtihani wake ukawa wa nchi ambayo hajawahi kuiona. Lengo ni kwamba siku akirudi kwao asianze moja.

Kizigua kilidumu Somalia bila shule

Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa kutoka pwani yetu wakapelekwa utumwani kusini mwa Somalia. Vita vya mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi walirudi na kupewa makazi Chogo, Handeni, na wakafika wakiongea Kizigua! Hawakuwa na kitabu wala darasa. Kila kizazi kilizungumza na watoto wake kwa lugha hiyo. Wenzao waliopelekwa Marekani wana kazi ngumu zaidi, maana huko runinga, shule na marafiki vyote vinaongea Kiingereza.

Singida ni makumbusho ya lugha yenye watu hai

Ukichukua Singida pamoja na majirani zake Manyara na Dodoma, unapata Kinyaturu na Kinyiramba vya Kibantu, Kitaturu cha Kiniloti, Kiiraqw cha Kikushi, pamoja na Kisandawe na Kihadzabe vyenye sauti za kidoko. Kihadzabe, kinachosemwa na watu kama elfu moja hivi, hakijathibitika kuwa na ndugu popote duniani. Kwa watoto wa lugha zote hizi kuna ahadi: Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake na kwa lugha yake.

Kwa hiyo, msomaji, kama mwanao anakulia Dar es Salaam au Dubai na hajui kumwamkia bibi yake kwa Kinyaturu, usisubiri shule ifunguliwe. Anza naye Jumamosi hii.