Petroli Itokayo Katika Makaa ya Mawe

Wengi hudhani kwamba petroli haipatikani ila kwa kuchimba visima. Sivyo. Katika miaka ya 1920 wataalamu wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, walivumbua njia nyingine huko Mülheim, Ujerumani.

Makaa ya mawe yenye moto mkali hupulizwa mvuke na oksijeni, nayo hutoa gesi mbili: haidrojeni na kaboni monoksaidi. Hii ya pili haina rangi wala harufu, nayo ndiyo iwauayo watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Lakini kiwandani sumu hiyo huwa mali. Gesi husafishwa kwanza, maana salfa huharibu kazi, kisha hupitishwa penye chembe za chuma au kobalti katika joto la digrii 200 hadi 350. Chembe hizo haziliwi. Kazi yake ni kuziunganisha gesi zipate kuwa petroli, dizeli na nta, pamoja na maji.

Ujerumani, kwa uhaba wa visima, iliitegemea sana njia hii na nyingine iliyo jamaa yake katika vita vya 1939 hadi 1945. Afrika ya Kusini ilianza mwaka 1955 mjini Sasolburg; mwaka 2004 kiwanda hicho kiliacha makaa, kikaanza kutumia gesi ya ardhini kutoka Msumbiji.