Kwa nini Januari huwalemea waliotoka nyumbani na mwenza

Kila Januari, katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania tunaoishi Ujerumani, picha za Krismasi hupungua na malalamiko huongezeka. Mmoja hawezi kuamka asubuhi. Mwingine amenuniana na mkewe kwa sababu ya sufuria. Wa tatu, aliyempeleka mchumba wake Machame kwa mara ya kwanza, anauliza kama ni kawaida watu wawili waliofurahi pamoja nyumbani washindwe kuelewana wakishatua Hamburg. Ni kawaida, na kuna sababu, ila tumezoea kusingizia baridi na uchovu wa ndege.

Tuanze na huo uchovu wa ndege. Majira ya baridi, kati ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na Hamburg saa zinapishana mbili tu. Kiangazi inabaki moja. Anayetoka Tokyo au Los Angeles anaweza kusema saa za mwili wake zimevurugika. Sisi tunachovurugiwa ni mwanga. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Hamburg iko kama nyuzi 53 na nusu kaskazini. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza saa mbili na nusu imeshapita, na ikigonga saa kumi na robo jioni limekwisha zama. Ukilala siku moja Moshi, ya pili ukalala Hamburg, umenyang'anywa karibu saa tano za mchana. Mwili unalijua hilo kabla ya akili. Dawa yake ni kutoka nje adhuhuri kila siku, hata mawingu yakiwa yametanda, na kutokuamua jambo lolote kubwa la ndoa wiki ya kwanza.

Lakini mwanga huwapungukia wote wawili sawasawa, kwa hiyo hauelezi kwa nini mnaanza kutazamana kama wageni.

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norway aliandika kuhusu wasomi wenzake waliokwenda Marekani. Alisema furaha yao ilianza juu, ikashuka, kisha ikapanda tena walipozoea. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole huko Uganda, ndiye aliyeeneza maelezo ya mshtuko wa utamaduni kwa makala yake ya 1960. Miaka mitatu baadaye John na Jeanne Gullahorn wakaongeza jambo muhimu: anayerudi kwao naye hushuka na kupanda upya, kwa sababu yeye amebadilika na nyumbani pamebadilika, na hakuna aliyemwandaa kwa hilo.

Nawaheshimu wataalamu hao, na wamenisaidia. Ila wao walimwangalia msafiri mmoja mmoja, mwenye nchi moja ya kutoka na moja ya kurudi. Mtu wa ughaibuni aliyeoa au kuolewa huku hana safari ya namna hiyo. Anakwenda nyumbani na kurudi nyumbani, na kila upande ama yeye ama mwenza wake ndiye mgeni. Kwa maoni yangu, mzigo wa Januari unatokana na hapo: katika safari moja mnabadilishana madaraka mara mbili, na mara ya pili hakuna anayetamka kwamba yamebadilishwa.

Nieleze kwa mfano wetu. Kwetu ni Old Moshi. Desemba Wachagga hupanda mlimani kutoka kila pembe ya nchi, na sisi wa mbali tunajikaza tufike. Pale mimi ndiye mwenye ulimi. Najua nani aamkiwe kwanza, nani hapokei chakula kabla ya nani, na ni shangazi gani ukimpita bila kuingia kwake atakukumbusha hadi Pasaka. Mume wangu, Mjerumani ambaye Hamburg ndiye anayezungumza na mwenye nyumba, fundi wa bomba na benki, alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya migomba akingoja nimwambie watu wanacheka nini. Mbuzi alipochinjwa, baba mdogo alimkabidhi kipande chake kama mkwe. Kwetu nyama hugawiwa kwa mpango, kila ndugu na sehemu yake, na sehemu hiyo inasema wewe ni nani katika ukoo. Yeye, kwa wema tu, akanyoosha mkono kummegea mtoto aliyekaa karibu. Nikamshika mkono taratibu, nikamnong'oneza ale kwanza yeye. Akala, wazee wakatabasamu, mama akasema, "Mkwe wangu amefika."

Siku chache baadaye tumesimama chini ya ngazi Hamburg mbele ya sanduku la barua lililojaa. Barua ya bima ya afya, barua ya gharama za kupasha nyumba joto, barua ya ada ya redio na televisheni ambayo kila kaya hulipa, euro 18.36 kwa mwezi. Mume wangu alizichambua akiwa bado na koti mwilini, hii ya leo, hii ya kesho, hii ya kutupa. Na mimi, niliyekuwa juzi tu nikiamua nani apande gari la nani kwenda kwenye ubatizo Marangu, nikamwuliza, "Hii inasema nini?"

Hakufanya kosa lolote. Alikuwa amerudi mahali anapopajua, na baada ya majuma ya kungoja kutafsiriwa alikuwa na hamu ya kutenda mambo mwenyewe, haraka, bila kuuliza mtu. Lakini kwa upande wangu haraka ile ilionekana kama ubabe. Nilitoka kuwa binti wa watu, mwenye jina na mahali pa kukaa, nikawa tena mtu anayesubiri kuelezwa. Yeye anashusha pumzi, mimi navuta yangu ndani. Hapo ndipo ugomvi wa sufuria unapoanzia, na mkiutafuta kwenye sufuria hamtaupata.

Nawashauri wenzangu mlizungumze hili waziwazi, tena mapema, kwa sababu mwenza wako ametoka kuonja kitu unachokula wewe kila siku. Kwa mara ya kwanza amejua inavyokuwa kukaa mezani na watu wanaokupenda huku huelewi neno. Kumbukumbu hiyo ikiwa bado mbichi, anaweza kukusikia kuliko wakati mwingine wowote. Kwetu mazungumzo hayo yalizaa mgawanyo mpya wa kazi: barua za bima na za nyumba sasa ni zangu. Zinanila jioni nzima na kamusi, na yeye anakaa chumba cha pili mpaka nimwite.

Mwenza naye anarudi na mizigo yake, na mara nyingi hatumwulizi. Old Moshi kuna mti ambapo Wajerumani walimnyonga mtawala wetu, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, lakini la Mangi Meli halikupatikana kati yao. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda.

Kwangu mti ule ni sehemu ya njia ya kwenda kanisani. Mume wangu alisimama pale muda mrefu, na hakupiga picha. Tulipofika Hamburg, wakati mimi nataka tukae tukumbuke vichekesho vya shangazi, yeye alikuwa anasoma habari za kunyongwa. Mwishoni mwa juma aliomba twende Jenfeld, mashariki ya mji, kwenye sanamu za askari Waafrika zilizotengenezwa enzi za Wanazi kwa ajili ya kambi iliyoitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani huko Afrika Mashariki. Mwanzoni nilikasirika. Niliona kama amechukua sikukuu yangu akaifanya msiba. Baadaye nikaelewa kwamba ameketi kwenye kihamba cha babu yangu, karibu na kaburi lake, akalishwa na watu ambao mababu zao waliteswa na watu wa kwao, wala hakuna aliyemtupia neno. Ukarimu wa namna hiyo unamfikirisha mtu mwenye moyo. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na yapo mengi mazuri yanayofanyika kwa jina hilo, lakini nyumbani kwetu undugu huo umeanza kueleweka baada ya Jenfeld.

Kuhusu masanduku nitasema kwa kifupi, maana kila mwaka watu wanalia uwanja wa ndege. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, hata viwe vimekaushwa na mama mwenyewe. Dagaa wakavu wa soko la Mbuyuni wanaingia. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Matunda tangu Desemba 2019 yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Embe halimo. Mweleze mama mapema ili asifunge kwa upendo kitu kitakachotupwa mbele ya macho yako. Na mkirudi, mmoja wenu akipata homa ndani ya miezi mitatu, mwende kwa daktari siku hiyohiyo na mtamke kwamba mmetoka eneo lenye malaria. Daktari wa huku anaweza kuiona kama mafua ya Januari. Sisi tuliokulia kule kinga ya utotoni hutupungua tukikaa nje miaka, kwa hiyo tusijidai wenyeji kuliko wenza wetu.

Linabaki suala la pesa, ambalo naona ndilo linalohitaji ujasiri kuliko yote. Kabla ya safari, pesa ninazotuma nyumbani zilikuwa kwa mume wangu tarakimu kwenye taarifa ya benki. Sasa ameliona paa lililoezekwa nusu, amemwona mtoto anayesomeshwa na sare zake, na amemwona pia binamu anayeomba huku ana gari kubwa kuliko letu. Akarudi na maswali, na baadhi yalikuwa ya haki. Desturi yetu ni kumficha mwenza haya, kila mtu abebe ukoo wake. Nadhani desturi hiyo ilifaa pale mume na mke walipokuwa na koo mbili mlima mmoja. Huku, ambako mnalipa kodi ya nyumba kutoka mfuko mmoja, usiri huo unageuka kuwa deni.

Tulikaa tukaandika kila ahadi tuliyoitoa Desemba, zangu na zake, maana naye alikuwa ameahidi vitu pembeni kwa ishara na tabasamu bila mimi kujua. Nyingine tulizikubali, nyingine tukaziahirisha, mbili tukazikataa na mimi nikapewa kazi ya kuzikataa kwa adabu. Ada ya mtoto ikabaki yangu. Mabati akayachukua yeye, akasema atazungumza na baba mdogo mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na picha za kupima paa. Nilitaka kumzuia, nikaacha. Jana usiku baba mdogo ametuma ujumbe wa sauti mrefu kuhusu bei mpya ya mabati na unene unaotofautiana. Ameutuma kwa mume wangu.