Kipande na Nasaba: Kazi ya Mawakili wa Garissa

Wazee wa pwani yetu hawana mazoea ya kusema "kitambulisho". Wao husema kipande, na neno hilo lina historia chungu. Kipande cha kwanza kilikuwa karatasi iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati, ikaning'inizwa shingoni mwa mwanamume Mwafrika ili tajiri na askari wajue katoka wapi na ni mfanyakazi wa nani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, kijaluba kikatupwa, jina likabaki. Basi ajabu ya ulimwengu ni hii, kwamba kitu ambacho babu zetu walitamani kukivua, wajukuu zao leo wanakikosea usingizi. Na huko Garissa kuna watu waliokitafuta miaka kumi na zaidi wasikipate.

Mtu akitajiwa wakili wa mambo ya uhamiaji, fikira zake huenda London au Minneapolis, kwa mwanasheria anayemtetea mgeni aliyeshuka juzi kwenye ndege. Garissa kazi hiyo imepinduka. Shirika la Haki na Sheria, lenye afisi zake pale mjini, lina mawakili na wasaidizi wa sheria ambao kazi yao kubwa ni kuthibitisha kwamba Mkenya ni Mkenya. Hawamwombei mtu uraia. Ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba aliyezaliwa na baba au mama raia ni raia, na Ibara ya 12 inampa haki ya kupata hati zake. Wanachotaka ni serikali ikiri hayo kwa maandishi.

Yalianzaje? Mwaka 1991 dola ya Somalia ilivunjika, na wakimbizi wakamiminika kuvuka mpaka. Karibu na mji mdogo wa Dadaab, kiasi cha kilomita mia moja kutoka Garissa, zikajengwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera. Kambini mlikuwa na unga, mafuta, daktari na shule. Nje ya kambi, wenyeji wa Kenya walikuwa na ukame. Ngamia na mbuzi wanakufa, visima vimekauka, na serikali yao iko mbali. Mfa maji haachi kutapatapa. Familia nyingi za wenyeji zilikwenda zikajiandikisha kuwa wakimbizi ili zipate kadi ya mgao. Hayo yalikuwa miaka ya tisini, na yakarudi kila ukame uliporudi, mpaka ule mkubwa wa mwaka 2011. Wengine walivutwa na tamaa ya kupelekwa Marekani au Ulaya, hilo nalo tusilifiche. Lakini wengi waliandikishwa wakiwa watoto, wameshikwa mkono na mama zao, hawajui hata kilichokuwa kikiandikwa.

Sasa tuseme mtoto huyo amefika miaka kumi na minane. Baba yake ana kipande, mama yake anacho, ndugu yake mkubwa anacho. Anakwenda afisi ya uandikishaji, anatia kidole kwenye mashine, na mashine inajibu kuwa huyu ni mkimbizi. Hapo safari yake imekwisha kabla haijaanza. Hawezi kusajili simu wala kufungua akaunti ya benki. Hawezi kupiga kura wala kuajiriwa kazi ya halali. Akipanda basi la Nairobi, atateremshwa kwenye kizuizi cha polisi kabla hajaenda mbali na daraja la Mto Tana. Na kwa sisi Waislamu liko jambo jingine la kutia simanzi. Asiye na kipande hana pasipoti, na asiye na pasipoti haendi Hija, hata awe na mali ya kumtosha kwenda na kurudi.

Watu hawa si wachache. Makadirio yaliyotangazwa ni kuwa wanafika elfu arobaini.

Linalonigusa zaidi ni namna ya ushahidi unaohitajika. Msomali hufundishwa nasaba yake tangu utotoni. Huiita abtirsi, na mtoto mdogo anaweza kukutajia baba, babu, baba wa babu, mpaka majina ishirini bila kukwama. Sisi tuliosoma chuoni, tukazoea kusikia fulani kapokea kwa fulani naye kapokea kwa fulani, tunaujua uzito wa mlolongo kama huo. Wazee wetu waliujengea elimu nzima. Lakini kijana huyo anasimama mbele ya karani na babu zake ishirini, anashindwa na kidole chake kimoja.

Kazi ya wakili basi ni kuugeuza ulimi kuwa karatasi. Anafungua jalada, anatafuta vipande vya wazazi, cheti cha kuzaliwa kama kipo, kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, barua ya chifu. Kwa mtu aliyezaliwa nyuma ya ngamia malishoni, nusu ya hizo hazipo. Hapo huitwa wazee wa ukoo, wakaapa, na kiapo kikaandikwa. Wajuao Kurani watakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote, aya ya deni katika Suratul Baqara, inaamuru mambo mawili pamoja, kuandika na kushuhudisha. Afisini limechukuliwa la kwanza, na la pili linatiliwa shaka.

Shaka hiyo haikuanza na kambi. Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria za 1902 na 1934, watu wakawa hawatoki ila kwa ruhusa. Baada ya uhuru vikaja vita vya mashifta na sheria ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Yalitokea mauaji ya Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla, Wajir, mwaka 1984. Mwaka 1989 ikatolewa amri kwamba kila Msomali aliyetimiza umri aende mbele ya jopo akahojiwe, na aliyekubaliwa akapewa kadi ya rangi ya waridi, aibebe pamoja na kipande chake. Hakuna kabila jingine lililodaiwa kadi hiyo.

Wenyewe huita kuhojiwa huko "kupigwa msasa". Mimi nijuavyo msasa hupigwa mbao, na mbao ikipigwa sana huisha.

Mwaka 2021, Haki na Sheria pamoja na watu watatu waliodhurika walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Garissa. Hukumu ilitoka Januari 2025, nayo ikawapa haki: kuwanyima watu hao vitambulisho ni kuvunja Katiba, na serikali iyaondoe majina yao katika daftari la wakimbizi. Mwezi uliofuata, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo mambo haya ni mawili. Tangazo la Wajir linahusu jopo la wazee na maswali yao. Alama ya kidole iliyomo ndani ya mashine haijui tangazo. Itafutwa pale tu ofisa mwenye idhini atakapoifuta, jina kwa jina, na ndiyo sababu jalada la wakili bado lina kazi.

Msomaji wa Lamu au Mombasa asidhani haya ni ya bara tu. Wapo Wabajuni waliokimbia makao yao ya bara wakati wa mashifta, kisha watoto wao wakaulizwa cheti cha babu kiko wapi. Wapo Wamakonde wa Kwale, waliokwenda kwa miguu mpaka Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Wapo Wapemba wa Kilifi, waliotambuliwa mwaka 2023 baada ya kuvua samaki katika maji yetu kwa vizazi. Hao wote walikuwa hawana karatasi. Yule wa Garissa msiba wake ni kuwa na karatasi moja isiyo yake.

Naye sasa ameshaoa. Anayo watoto, na watoto hao wanahitaji vyeti vya kuzaliwa, na fomu ya cheti ina nafasi ya nambari ya kitambulisho cha baba. Mawakili wa Garissa wameanza kufungua majalada ya kizazi cha pili.