Sauti Isiyo na Makavazi: Mafunzo na Hifadhi ya Filamu Nchini Kenya kwa Mtazamo wa Gikomba

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetaka kuchunguza ngano au utenzi huanza kwa swali moja: matini iko wapi? Akiliuliza swali hilo kuhusu filamu nchini Kenya, hasa zile zinazosimuliwa kwa Kiswahili katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hupata jibu la nusu. Makala haya yanakusudia kueleza ni wapi Wakenya wamejifunza kutengeneza filamu, ni wapi filamu hizo zimehifadhiwa, na ni kitu gani kilichoachwa nje ya milango yote hiyo. Hoja yetu ni kwamba vyuo vimefunza jicho na makavazi yamehifadhi picha, ilhali sauti ya Kiswahili iliyoifikisha sinema kwa mtu wa kawaida haikupewa makao.

Tumeiteua Gikomba kwa sababu ya mahali ilipo. Soko hili la mitumba, lililo kando ya Mto Nairobi, linapakana na Majengo ya Pumwani. Upande mmoja, mwendo mfupi kwa miguu, iko River Road, chimbuko la filamu za bei nafuu zilizoitwa Riverwood. Upande wa pili iko Eastleigh, alikozaliwa mpigapicha mashuhuri Mohamed Amin mwaka 1943. Aidha, katika vibanda vya video vya mitaa hii ndimo alimozoeleka msimulizi wa filamu, ambaye ndiye kiini cha makala haya.

Kutoka gari la sinema hadi kibanda cha video

Msimulizi huyo hakuzuka jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 za mafunzo. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, na filamu zake zilizungushwa kwa gari hadi Kenya, Uganda na nchi jirani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba sauti haikuwa kwenye utepe wa filamu. Ilirekodiwa kando katika santuri, ili picha moja iweze kuchezwa pamoja na maelezo ya Kiswahili mahali pamoja na ya lugha nyingine kwingineko.

Baadaye, wakati wa magari ya sinema ya serikali, mkalimani alisimama na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji kinachoendelea. Yeye ndiye aliyeamua neno gani litumike, utani upi utiwe na kipi kirukwe. Ukoloni ulipokwisha na kaseti za video zikaja, kazi hiyo ilihamia vibandani. Huko msimulizi aliwatafsiria watazamaji filamu za Marekani, Uhindi na Hong Kong kwa Kiswahili na Sheng. Jijini Nairobi, anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye masimulizi yake yaliuzwa katika sidii na divididi. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyerekodi sauti yake juu ya kaseti za filamu za kigeni. Kampala nao wana wasimulizi wao wa Kiganda.

Mahali pa kujifunzia

Ama kuhusu mafunzo, Kenya haikukosa vituo. Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya kilianzishwa mwaka 1961, hapo awali kwa ajili ya kuwafunza watumishi wa utangazaji, na baadaye kikaongeza utengenezaji wa filamu. Miongoni mwa waliopitia huko ni Anne Mungai, aliyeongoza filamu ya Saikati (1992). Mwaka 2005 serikali iliunda Tume ya Filamu ya Kenya ili kuikuza tasnia hii.

Vituo vingine vilitokana na juhudi za watu binafsi. Shirika la One Fine Day Films, lililoanzishwa mwaka 2008 na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, liliendesha warsha jijini Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink. Humo walifunzwa waandishi, wapigapicha na wahariri, na matokeo yake yakawa filamu kama vile Soul Boy (2010) yake Hawa Essuman na Nairobi Half Life (2012) yake David Tosh Gitonga. Hii ya pili ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Huko Mathare, kikundi cha Slum-TV kiliwafunza vijana kurekodi habari za mtaa wao na kuwaonyesha majirani hadharani. Docubox nayo, iliyoasisiwa na Judy Kibinge, imewafadhili watengenezaji wa filamu za hali halisi.

Tukivitazama vituo hivi kwa jumla, tunaona kwamba mafunzo yake yalihusu zaidi uandishi, kamera, sauti na uhariri. Usimulizi wa kibandani haukuwa somo. Msimulizi alijifunza kwa kukaa karibu na aliyemtangulia, kama afanyavyo manju au malenga chipukizi.

Mahali pa kuhifadhia

Hali ya hifadhi ni ngumu zaidi. Idara ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, iko katika jengo la iliyokuwa benki kwenye barabara ya Moi. Kazi yake kuu ni kumbukumbu za umma. Shirika la Utangazaji la Kenya lina hazina yake ya kanda. Mkusanyo wa Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix mwaka 1963 na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1996, ulihifadhiwa na familia yake, na wakfu uliopewa jina lake ukawafunza wanahabari vijana. Huu ni mfano adimu wa makavazi na mafunzo kukaa chini ya paa moja.

Je, filamu za Riverwood? Hizo ziliuzwa katika kanda, kisha katika sidii za video na divididi. Sidii ikikwaruzika hutupwa. Nakala nyingi zilibaki mikononi mwa wauzaji na wanunuzi, pasipo maktaba ya kuzidai.

Onyo la historia liko wazi. Kati ya zile filamu 35 za Vugiri, ni tatu tu zinazojulikana kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kujua namna wazee wetu walivyosimuliwa filamu hizo mwaka 1936 hana budi kuridhika na picha chache zilizo mbali na kwao.

Sauti ya msimulizi kama matini

Huenda msomaji akauliza: je, maneno ya kibandani yanastahili kuhifadhiwa? Tunavyoona sisi, yanastahili kwa vigezo vile vile tunavyovitumia darasani. Kuna fanani, hadhira, jukwaa na utendaji. Msimulizi huweza kumpa shujaa, au stelingi, jina la kijana wa mtaani na kuihamishia Hong Kong hadi Kariokor. Hutia methali, hukejeli, huuliza swali na hadhira ikajibu. Filamu ile ile huwa tofauti jioni mbili tofauti. Matthias Krings, mwanaanthropolojia Mjerumani, aliuchambua usimulizi wa Dar es Salaam katika kitabu chake African Appropriations (2015), naye aliweza kufanya hivyo kwa kuwa kanda za Lufufu zilikuwepo. Usimulizi wa papo kwa papo wa vibanda vya Eastlands hauna bahati hiyo.

Kikwazo kimoja ni cha kisheria. Picha zinazosimuliwa ni mali ya kampuni za ng'ambo, na aghalabu nakala zake si halali. Makavazi hayawezi kuzipokea bila wasiwasi. Hata hivyo, santuri za Vugiri zinatuonyesha njia: sauti inaweza kutenganishwa na picha. Mtafiti anaweza kurekodi utendaji, yaani sauti ya fanani na mwitikio wa hadhira, kwa ridhaa yao, bila kunakili filamu yenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kenya imefunza watengenezaji wa filamu kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba hifadhi imebaki nyuma ya mafunzo. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili ziruhusu usimulizi wa filamu uwe mada ya tasnifu, sawa na ngano na nyimbo. Pili, kila rekodi iambatane na tarehe, mahali, jina la filamu, lugha zilizotumika na ridhaa ya fanani. Tatu, nakala za rekodi na unukuzi wake ziwekwe katika maktaba za vyuo vikuu, fanani mwenyewe akipewa yake. Kazi hii haihitaji kamera wala studio; kinasa sauti na daftari vinatosha. Vibanda vinapungua kadiri simu za mkononi zinavyoongezeka, na mtazamaji wa simu hahitaji msimulizi wa kumkusanya pamoja na wenzake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa sauti, ukishaanguka, hauna matofali ya kujengea.